Vumbi la Siku Aliyoondoka Baba

Nilipokuwa na miaka tisa nilimfagia baba yangu, asirudi tena. Ndivyo nilivyoamini kwa miaka mingi, na sikulia hata siku moja. Nasema hili mapema kwa sababu watu wakisikia habari za baba aliyeondoka hungoja machozi, na mimi sikuwa nayo.

Tulikaa ughaibuni, mtaa wa Parkdale, ghorofa ya nane, dirisha la jikoni likitazama reli. Mama alizichukia kelele za treni. Bibi, mama yake baba, alizipenda. Alizaliwa kwenye kota za reli, katika mji mdogo wa nyika kavu huko Tanganyika, enzi za injini za kuni, na baba yake alikuwa mtia kuni. Mji wenyewe, alivyousimulia, ulikuwa stesheni, duka moja na vumbi. Maji yaliletwa na treni ndani ya behewa la tangi. Wanawake walipanga madebe tangu alfajiri, na treni ikichelewa watoto hawakuoga. Vumbi liliingia kwenye uji na masikioni. Lakini pamoja na vumbi lote hilo, mwanamume akishapanda treni nyumba yake haikufagiwa mpaka ije habari kwamba amefika. Ukifagia unafuta nyayo zake, naye hataiona njia ya kurudi.

Baba aliondoka Jumatatu moja ya mwezi wa kwanza, kwenda magharibi kwa treni, kufanya kazi kwenye kiwanda cha nyama. "Miezi sita tu," aliniambia. Alishafika kwenye lifti akarudi ndani bila kuvua viatu kuchukua glavu alizosahau, akaacha alama nyeupe za chumvi ya barabarani, ile ya kuyeyushia barafu, kwenye zulia, tangu chumbani hadi mlangoni. Mama naye alikuwa anawahi zamu yake ya kutunza wazee. "Ukitoka shule upige sebule mashine," alisema. "Nikirudi nikute pasafi."

Nilipotoka shule Bibi alikuwa ananingojea. "Leo sebule haiguswi, mke mwenzangu." Ndivyo alivyoniita, kwa utani wa bibi na mjukuu. Nilimjibu kwa Kiingereza, kama kawaida yetu watoto wa huku, kwamba mashine ya kufyonza vumbi si ufagio. Akacheka, akaenda kujilaza. Mimi niliyemwogopa ni mama. Nikawasha mashine.

Bibi alipotoka chumbani alama zote zilikuwa zimeisha. Hakunigombeza. Aliniashiria nimtolee mfuko wa vumbi, akaupasua kwa kisu cha jikoni, akapiga magoti na kuanza kulimwaga vumbi juu ya zulia, akilitandaza kwa kiganja kuelekea mlangoni. "Nisaidie," alisema. Nikamsaidia. Nywele, makombo ya mkate, chumvi, vyote tukavirudisha.

Mama alitukuta hivyo hivyo. "Nani kafanya haya?"

"Mimi," Bibi akasema. "Nilifagia kwa kusahau, sasa narudisha."

Mama aliitazama mashine, akanitazama mimi, akaenda kubadilisha nguo.

Mwanzoni baba alipiga simu kila Jumapili, baadaye mara moja kwa mwezi. Miezi sita ikapita, na kabla ya theluji nyingine kuanguka tukasikia ana mwanamke huko, kisha mtoto. Mama alizoea kuwaambia wageni, "Huyu mama mkwe wangu alimfagia mwanawe mwenyewe." Siku nyingine alisema kwa kucheka, siku nyingine hakucheka. Bibi alijibu, "Ndiyo, ni mimi," akaendelea na chai yake. Mimi niliendelea kula. Nilikuwa nimekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu, na niliona ni afadhali hivyo.

Nilimwuliza Bibi mara moja tu kwa nini alidanganya. Akaniambia kwamba alipokuwa na miaka sita alifagia baraza siku baba yake alipopanda treni, na treni hiyo ikaanguka darajani. Wanawake wa kota walimwita Mfagiaji mpaka alipoolewa. "Jina hilo halimfai mtoto," alisema.

Alifariki nilipokuwa sekondari. Msibani mama alilia sana. Mimi nilipanga viti.

Nilipomaliza chuo ndipo nilipomwambia mama, tukiwa jikoni akimenya viazi.

"Mama, siku ile ni mimi niliyefagia."

Hakuacha kumenya. "Najua. Bibi yako hakuwahi kuiwasha mashine ile. Alikuwa anaiogopa."

"Sasa mbona ulimsema miaka yote hiyo?"

"Ningemsema nani? Wewe ulikuwa mtoto, na aliyekutuma ni mimi." Akatupa maganda. "Nilimwomba radhi, wala si mara moja. Akaniambia, niseme tu mwanangu, mimi nimeshazoea."

Baba aliondoka kwa miguu yake na hakurudi kwa kuwa hakutaka kurudi. Hilo nilikuwa nimeshalielewa siku nyingi, na halikunisaidia kitu. Nilichokuwa sikijui ni kwamba wanawake wawili waligawana kosa langu mbele ya wageni, mwaka baada ya mwaka, na mimi nimekaa hapo hapo mezani nikidhani nimewaficha.

Nilichukua kisu kingine nikamenya naye. Macho yakaanza kuniwasha, na vitunguu tulikuwa bado hatujavigusa.