Mama Aliyeomba Iwe TB

Mwaka 1966 goti la Pamela, bintiye Rispa wa kijiji cha Sori kando ya Ziwa Victoria, lilivimba likakataa kushuka. Mhudumu wa zahanati akashuku kifua kikuu cha mifupa, na habari ikafika sokoni kabla ya Rispa mwenyewe. Rispa aliishi kwa kuuza samaki wa moshi. Wateja wakaanza kumpita kama hawamjui. Jirani yake Benta alimtengea mtoto kikombe, kisha akaona hata kikombe ni karibu mno, akaacha kuja kabisa. Watu wetu wana mambo. Goti halikohoi, lakini nani angewaambia?

Rispa alilia, akafuta machozi, akamwuliza mhudumu kama TB inatibika. Akaambiwa inatibika: kuna sindano na vidonge, muda ni mrefu, goti huenda lisikunjike tena, ila mtoto ataishi; ikiwa si TB, huenda ikawa kitu kisichotibika. Basi kanisani, wenzake, hata Benta, walipomwombea isiwe TB, yeye aliinama akaomba iwe.

Akampeleka Pamela Homa Bay kwa lori la samaki. Mtoto akapigwa picha za eksirei, akalazwa. Majibu yote yalipopatikana, daktari alizitundika picha mbele ya taa, akamwonyesha mama kwa kidole.

“TB ya goti inakula kiungo, mama, mifupa yote mbili. Hapa kiungo iko sawa. Ni mfupa moja tu, ya paja, imeharibika, tena inamea nje.”

Picha ya kifua ilikuwa na madoa ya mviringo pande zote mbili. Rispa akayashikilia hayo.

“Na hii ya kifua, daktari? Si ndiyo TB yenyewe?”

“Ningefurahi ikiwa TB. Hii ni kansa, na imeshatembea. Nyama ya mfupa tuliyopima imesema hivyo hivyo. Hata tukikata mguu, haitasaidia.”

Sori ilisikia nusu tu: si TB. Siku waliyorudi, nyumba ilijaa watu, Benta mbele, na ugali wa mtama na nyimbo za kanisa. Benta akampakata Pamela, akala naye sahani moja. Mtoto alicheka sana. Alikuwa amewakosa watu. Rispa aliumia kukisikia kicheko kile, na hakuwa na roho ya kukikatiza.

“Si nilikwambia, min Pamela, Nyasaye Mungu wetu anasikia?” Benta akamwambia mama mtu.

“Anasikia,” Rispa akajibu. “Aliwasikia nyinyi.”