Mama Alfredi na Jiwe la Mirihi

Dominika wa Newala alikuwa mbishi tangu utotoni kwao Mnyambe, ila ubishi wake haukuwa wa kelele. Ukimwambia jambo atanyamaza, ataendelea na kazi yake, kisha atakuuliza swali moja tu, nawe utajikuta unaanza upya maelezo yako yote. Kiwanda cha korosho alichokuwa akifanyia kazi kilipofungwa, wenzake walilaani kila aliyestahili na asiyestahili. Yeye alitafuta karai, akaanza kukaanga na kubangua korosho barazani pa duka la Haji, akiwauzia abiria wa Masasi. Mafuta ya maganda yalimbabua vidole hadi vikawa vyeusi na vigumu. Wakubwa walisema sasa ni soko huria, kila mtu ajitegemee, naye akajitegemea.

Watu wote walimwita Mama Alfredi, ingawa Alfredi mwenyewe hakuwapo. Kijana huyo, mwanawe wa pekee, alivuka mto Ruvuma kwenda Msumbiji baada ya vita vya huko kwisha, akiaga kwamba anakwenda kutafuta maisha. Alileta salamu kupitia wachuuzi wa vitenge mara moja, mara ya pili, kisha kimya. Miaka ikapita. Ulipoingia mwaka wa tisini na sita, Optatus, kaka mkubwa wa Dominika, akaona imetosha. Kwa desturi yao mjomba ndiye mwenye neno juu ya mtoto wa dada yake, na neno lake lilikuwa kwamba Alfredi ameshakufa: asomewe misa, watu wakae matanga, na jina lake apewe mtoto mchanga wa Priska, binti wa ndugu yao, ili lisipotee ukooni. Alimtaka dada yake alete jibu Jumapili.

Wiki hiyo Dominika hakuwa na raha. Akikubali, atakuwa amemzika mwanawe kwa mdomo wake mwenyewe, na jina likishapewa mtoto mwingine, mwenyewe akirudi atarudi kama nani? Akikataa, ataonekana mama aliyechanganyikiwa kwa huzuni.

Siku ya Alhamisi alikuwa anabangua huku redio ya Haji ikisoma habari. Mtangazaji alisema wataalamu wa Marekani wamechunguza jiwe lililoanguka duniani kutoka sayari ya Mirihi, na ndani yake wameona alama ambazo huenda ni za viumbe wadogo mno walioishi huko zamani. Akamalizia kwamba wanasayansi wataendelea kutafuta maisha nje ya dunia.

Dominika akasimamisha kazi. Kumbe hata kwa Wazungu hali ni mbaya, alisema, mpaka wanafikia kwenda kutafuta maisha angani. Huko Mirihi wanafuata biashara gani, na vitenge watamuuzia nani? Baraza zima likacheka. Haji akadakia kwamba wakifika huko watamkuta Mmakonde ameshafungua genge.

Mwalimu Fakihi, aliyekuwa akifundisha sayansi sekondari, alikuja dukani kununua betri. Alicheka na wenzake, kisha akarekebisha kwa upole. Mtangazaji amechanganya maneno, alisema. Hapo si maisha, ni uhai. Wanataka kujua kama kuna chochote kilicho hai mahali pengine, japo kijidudu kisichoonekana kwa macho, na jambo la kwanza wanaloangalia ni maji. Mke wa Haji akasema basi wakipita Newala mwezi huu wa nane wataandika kwamba hapa hapaishi mtu. Wanawake waliokuwa wanapanda kutoka bondeni na ndoo za maji vichwani walimuunga mkono bila kusimama.

Mwalimu akaeleza pia kwamba wapo wataalamu walioelekeza antena kubwa angani kwa miaka mingi, wakitega sikio kama kuna anayeongea huko, na hawajapata hata neno.

Hapo Dominika hakucheka tena. "Sasa mwalimu, kama hawasikii kitu, si waseme tu hakuna?"

"Hawawezi, Mama Alfredi. Wanasema hawajasikia. Anga ni kubwa mno, na mahali walipokwishasikiliza ni padogo."

"Kwa hiyo wapo."

"Hilo nalo hawasemi. Hata jiwe lenyewe, wenzao wengine wanalibishia."

Jibu la pili lilimuuma. Alitamani mwalimu amwambie wapo, aondoke na hilo tu mpaka nyumbani. Lakini kadiri alivyoligeuza kichwani aliona kwamba watu wale walikuwa na heshima fulani mbele ya wasichokijua, ambayo yeye na kaka yake wote walikuwa hawana.

Jumapili alimkuta Optatus uani, mikono bado ina manjano ya salfa ya kupulizia mikorosho. Akamwamkia, akasikiliza maneno yake yote hadi mwisho.

"Kaka, mimi sisemi yu hai," alisema. "Na wewe usiseme amekufa. Hatujasikia, basi. Nani kati yetu ameshakwenda kumtafuta?"

Optatus alikasirika. Alisema siku hizi wanawake wanalelewa na redio. Hata hivyo swali lilibaki pale pale uani, kwa sababu hakuna aliyekwenda. Wote walikaa wakisubiri habari zije zenyewe. Misa ikaahirishwa, na mtoto wa Priska akaitwa Dastani.

Kazi ya salfa ilipokwisha, Optatus akavuka mto bila kuaga vizuri. Alirudi korosho za kwanza zikianza kudondoka, amekonda, kiatu kimoja amekifunga kwa kamba. Alikuja moja kwa moja barazani pa Haji.

"Nimefika hadi Mueda," alisema. "Nimeuliza sokoni, nimeuliza misheni. Sikumpata, dada. Wala sikumpata aliyemzika."

Dominika, ambaye tangu mwanawe anyamaze hakuwahi kulia mbele ya mtu, aliweka korosho chini akalia kwa sauti, mchana kweupe, mbele ya wateja. Optatus akaketi sakafuni kando yake, naye akalia. Hawakujua lolote zaidi ya walivyojua zamani. Ila kwa miaka yote ile Dominika alikuwa hajui akiwa peke yake, na sasa wasiojua walikuwa wawili.