Nyumba ya Dada Kando ya Bandari

Bendera mpya pale bomani Lushoto ilikuwa bado haijapauka, mama aliponiambia tunashuka Tanga. Dada yangu, aliyeolewa na kuli wa bandarini, alikuwa anakaribia kujifungua mtoto wake wa kwanza, na mama hakukubali kabisa mwanawe azalie mikononi mwa watu asiowajua. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na sijawahi kuvuka Mombo. Nilirukaruka mpaka baba akanikemea kwamba kelele zangu zinasikika kanisani.

Tulitoka kijijini kwetu Malindi, kule kule milimani Lushoto, na kikapu cha matunda damu na kingine cha viazi, tukashuka kwa basi hadi Mombo, kisha tukapanda treni. Njia nzima mama alikaa wima, vikapu amevibana kwa magoti.

Dada alikaa kwenye nyumba ya ghorofa ambayo kati yake na bandari palikuwa na barabara tu. Chini kulikuwa na vyumba vinane vilivyozunguka ua, kila chumba na familia yake: Wadigo, Wamakonde, Wanyamwezi waliokuja kukata mkonge mashambani wakaishia kubeba marobota yake melini. Juu alikaa mwenye nyumba, mjane wa Kihindi tuliyemwita mama wa juu. Bomba la maji lilikuwa moja kwa wote. Kwetu ukitaka kumwona jirani unavuka bonde. Pale jirani akipiga chafya unamwambia "afya" ukiwa kitandani kwako.

Nilipapenda papo hapo. Winchi zilikuwa zinalia, meli zinapiga honi, watu wanapishana mlangoni bega kwa bega. Mama alisimama katikati ya ua akaanza kumsalimu kila mtu kwa Kishambaa, "Onga mshi, onga mshi," kana kwamba yuko gulioni kwetu. Wakamjibu, kila mmoja kwa lugha yake, wakacheka naye. Kabla hatujafungua mizigo vizuri, matunda damu yalikuwa yamekwisha.

Siku ya nne asubuhi, shemeji akiwa kazini kwenye tishari la kupeleka mizigo melini, katikati ya ghuba, dada alikuwa anasuuza vyombo bombani. Ghafla akashika ukuta. Mama, aliyekwisha kuwazalisha wanawake wengi Malindi, alimpapasa tumbo, na uso wake ukabadilika.

"Mtoto amekaa vibaya," alisema. "Huyu anatakiwa hospitali. Sasa hivi."

Gari hatukuwa nalo, wala hatukumjua mwenye nalo. Jirani wa Kidigo, mwanamke mnene aliyekuwa akiuza vitumbua, alitoka mbio hadi barabarani akasimama mbele ya mkokoteni uliojaa marobota ya mkonge.

"Shusheni!"

"Mama, huu ni mzigo wa meli," alisema mmoja wa wasukumaji.

"Meli ina nanga, itakaa. Mtoto hana nanga. Shusheni!"

Wakashusha. Tulikuwa tunatandika khanga juu ya mbao tuliposikia sauti kutoka ghorofani: "Ngojeni! Ngojeni kidogo!" Mama wa juu alitokea barazani akiburuta godoro lake la pamba, akalipandisha juu ya ukingo na kulisukuma. Likaanguka barabarani kwa kishindo, vumbi likatimka. "Mlazeni juu ya hilo," alisema, akihema.

Tukaondoka. Wanaume wanne walikuwa wanausukuma mkokoteni, wanawake wa uani wako nyuma, na mimi nimetangulia mbele napiga kelele, "Njia! Njia jamani!" Wauza samaki wakavuta masinia yao pembeni. Askari akanyoosha mkono akalisimamisha lori. Mama alikimbia peku, ameshika mkono wa dada, akimwambia kwa Kishambaa avumilie. Nilikuwa na hofu kwa ajili ya dada, lakini sitasema uongo: moyo wangu ulikuwa unapaa. Mtaa mzima ulikuwa unakimbia na sisi.

Daktari aliwahi. Alizaliwa mtoto wa kike, na shemeji alifika nyuzi za mkonge zikiwa zimemjaa nyweleni, akauliza, "Wote wawili?" Mama akamjibu, "Wote wawili, mwanangu. Kaa chini upumue."

Miaka ya Ujamaa nilirudi kukaa kwa dada, nikiwa nasomea ualimu. Mtaa ulikuwa umegeuka. Duka la kona lilikuwa sasa la ushirika, watu wanaitana ndugu, na majumba ya kupangisha yalikuwa yametaifishwa. Baadhi ya wenye nayo walikuwa wamehama nchi. Dada alikuwa balozi wa nyumba kumi, na nyumba kumi za pale zingejaza kanisa letu la Malindi na kubakisha watu nje.

Mama wa juu hakuondoka. Alikuwa sasa mpangaji katika nyumba iliyojengwa na marehemu mumewe. Dada alipotakiwa kutafuta mahali pa kisomo cha watu wazima, baraza pekee lenye nafasi lilikuwa lake. Tulipanda ngazi pamoja, na niliona dada anasita kila hatua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kama mwanangu au kama balozi?"

"Vyote viwili, mama. Tunaomba baraza lako, jioni, kwa ajili ya kisomo."

"Na mimi nitafundishwa?"

"Wewe si unajua kusoma?"

"Kigujarati. Kiswahili nakisema tu."

Hivyo nikapata wanafunzi wangu wa kwanza kabisa: makuli, wauza vitumbua na mama wa juu aliyekaa mbele na daftari lake. Walisoma kwa sauti hadi wapita njia wakawa wanasimama chini kusikiliza.

Jioni moja, jua bado halijazama, shemeji aliinuka katikati ya somo akaenda ukingoni. Meli ilikuwa imegeuza mkia kuelekea kwetu. Alinyoosha kidole hewani, akifuata herufi zilizoandikwa mkiani, moja moja.

"Mo," alisema. "Mo-mba." Midomo ilimcheza. "Mombasa! Imeandikwa Mombasa!"

Aligeuka kututazama, macho yamemtoka. "Miaka yote hii nazipakia hizi," alisema, "leo ndiyo kwanza inaniambia ni ya wapi."

Baraza lililipuka kwa vigelegele. Nami, mwalimu, nilikuwa napiga makofi kuliko wote.