Sabuni Niliyowatolea Wakwe

Mimi huwa sicheki ninapoisimulia hii, lakini nyinyi mtacheka, najua, kwa sababu hata watoto wangu niliowazaa kwa uchungu wakiisikia wanajitupa chini, basi chekeni tu, mkimaliza nitaendelea. Aibu nyingine mtu huzisahau. Ile niliyoipata sebuleni kwangu Kirumba, mbele ya wazee wa watu waliokuja kumposa mdogo wangu, bado ninayo yote, na ikinijia nikiwa naosha vyombo najikuta nimesimama na sufuria mkononi nasema peke yangu, "Jamani mimi!"

Miaka ile ya foleni mnaikumbuka (asiyeikumbuka amuulize mama yake), sukari ikija duka la ushirika habari zinatangulia lori, na sabuni ndiyo usiseme kabisa, ilikuwa ikionekana watu wanasalimiana nayo. Mume wangu, Baba Deo, alikuwa karani bandarini, na mshahara wake ulikuwa unafika nyumbani umeshachoka. Hapo kuna watoto watano, kuna mdogo wangu Koku niliyemchukua Bukoba wazazi wetu walipofariki, na kuna nyumba yetu kule Igoma iliyosimama kuta tupu inasubiri bati. Kwa hiyo nilibana. Sitawaficha, nilibana mpaka majirani wakanichoka: njiti ya kiberiti nilikuwa naipasua mbili kwa wembe, betri za redio nazianika juani zipate nguvu ya kumaliza taarifa ya habari, na sukari kwangu ilikuwa haiingii kikombeni, kila mtu anapewa kidogo kiganjani, analamba huku anakunywa chai yake. Baba Deo alikuwa akisema ameoa bwana jela. Lakini bati likiongezeka moja pale chini ya kitanda, yeye ndiye wa kwanza kuwaonyesha wageni, haya basi.

Sasa sabuni. Wakati ule sangara ndiyo walikuwa wameanza kujaa ziwani, watu wengi bado wanawaogopa, samaki gani ana mafuta kama nguruwe, na pale soko la samaki la Mwaloni mafuta yake ukiomba unapewa bure. Na mimi nikiwa mtoto nilimwona bibi yangu akichoma maganda makavu ya ndizi, anachuja maji ya majivu yake, anayapika na mafuta, inatoka sabuni. Nikaona nimeletewa riziki mlangoni. Nikapika. Ile ya kwanza ilitoka laini, nyeusi nyeusi, lakini nguo ilikuwa inatakata, nikajiona mimi ndiye kiwanda. Harufu ilikuwepo kidogo, sikatai, ila sisi tunaokaa karibu na soko la samaki pua zetu zilikuwa zimestaafu siku nyingi.

Basi Koku akapata mchumba. Mabula, mwalimu, Msukuma, kwao huko huko Igoma, kijana mpole asiyepaza sauti hata akiitwa na mkuu wa shule. Koku alimpenda mpaka akawa anaunguza ugali, na kwangu kuunguza ugali haikuwa jambo dogo. Ikaja habari kwamba wazee wa Mabula watafika Jumapili kuposa. Nami nikamwandikia baba yetu mdogo, Ta Bernado (Ta ndivyo tunavyowaheshimu wazee wetu Wahaya), apande meli aje kusema kwa niaba ya ukoo. Mjue kwamba Koku hakuwa na baba wala mama, alikuwa na mimi, na mambo yakiharibika mikononi mwangu hakuna mwingine wa kuyatengeneza. Hilo nililijua vizuri, ndiyo maana linaniuma.

Baba Deo akaniambia taratibu, "Mama Deo, hebu safari hii nenda kwa walanguzi ununue mche mmoja tu wa sabuni, wageni wanawe kama watu."

"Mche mmoja kwa bei ile?" nikamwambia. "Hiyo si sabuni, hiyo ni misumari yote ya bati zetu!"

"Haya," akasema. Baba Deo akisema haya namna ile huwa maana yake si haya.

Hapo ndipo nilipokosea, hapo tu, mengine yote yalijiviringisha yenyewe. Nikaamua kupika sabuni ya wageni, nyeupe, ngumu, isiyotofautiana na ya dukani. Nikazidisha majivu, maji yake nikayachemsha mpaka yakabaki machache mazito, nikatia chumvi igande, nikatia mchaichai inukie, nikaimimina kwenye kopo. Bibi yangu alikuwa akimaliza kupika anaiweka juu ya dari mpaka aisahau, na kabla ya kumpa mtu anaigusisha ulimi kwanza aone kama imepoa ukali. Mimi Jumapili ilikuwa mlangoni, na kuhusu ulimi, nilikuwa na mambo mengi. Mikono yangu nayo haikunionya, maana kwa kusugua masufuria na majivu viganja vyangu vilikuwa vimeshakuwa soli ya kiatu.

Jumapili wakaja, vumbi la barabara ya Musoma limewapaka mpaka kwenye kope. Mzee Masanja, baba mkubwa wa Mabula, ndiye msemaji wao, mrefu, ana ndevu nyeupe kidogo kidevuni. Shangazi Kabula, mama mnene mwenye macho yanayoona kila kitu. Na wazee wengine wawili waliokuja kujazia mkeka. Mabula mwenyewe kwa adabu alibaki kwao. Walileta kibuyu kikubwa cha maziwa mgando, nikapokea nimepiga goti, shikamoo, marahaba, shikamoo, marahaba, tukakaa.

Mazungumzo yalikwenda vizuri hata nikaogopa. Ta Bernado akataja ng'ombe wengi, Mzee Masanja akacheka akasema baba, hao ni wa kijiji kizima, wakavutana kwa mafumbo na utani, wakakubaliana ng'ombe kumi, na maneno yatafungwa baada ya chakula. Nilichungulia jikoni nikamwona Koku amejishika kifua kwa furaha. Nikamwambia, "Haya, peleka maji, na sabuni iweke kwenye kisosi."

Mnielewe, siku zile ukimtolea mgeni sabuni nzima kwenye kisosi, ni sawa na kumchinjia. Koku alipopiga goti na birika na beseni mbele ya Mzee Masanja, wazee wote waliinua shingo.

"Sabuni!" akasema Mzee Masanja. "Nzima!"

Akanawa. Mikono kwanza, halafu akaona mbona ni dhambi kuishia hapo, akapanda mpaka viwiko, halafu (mimi nasimama pale natabasamu, naona fahari) akajipaka uso mzima, ndevu, shingo, akasugua na nyuma ya masikio. Shangazi Kabula naye akafuata, hivyo hivyo. Wale wazee wawili wakanawa mara mbili. Baba Deo alinawa ncha za vidole tu, na Ta Bernado akasema yeye alinawa melini.

"Mama," akaniuliza Shangazi Kabula akiipima mkononi, "sabuni hii mmeipatia wapi? Sisi wenzenu tunafulia magadi."

Ningesema nimepika mwenyewe, lakini nilitazama ule uso wake wenye heshima nikaona nitashuka. "Ah," nikasema, "kuna ndugu yetu mmoja anapitapita kule Sirari." Yaani nimeleta ya Kenya! Baba Deo akapaliwa na mate. Nikadhani ni wivu.

Chakula kikaja, ndizi, maharage na jogoo wangu mmoja niliyemkata vipande vidogo vidogo ili aonekane wawili. Shangazi Kabula akapeleka tonge mdomoni, akasita, akanusa vidole. "Mbona nasikia halufu ya samaki?" akauliza polepole. "Samaki wenyewe siwaoni."

Kabla sijajibu Mzee Masanja akajikuna shavu. Akala tonge, akajikuna shingo. Akala jingine, akaweka chini, akaanza kujikuna kwa mikono miwili, na wale wazee wawili nao mikono yao ikaanza safari, mmoja viwiko, mmoja tumbo (huyu sijui aliipelekaje sabuni huko). Uso wa Mzee Masanja ukawa mwekundu, macho yakatoa machozi, akasimama.

"Mayu!" akasema Shangazi Kabula, akimwita mama yake kwa Kisukuma. "Tumewekewa upupu!"

Jamani. Mtu kuwekewa upupu nyumbani kwa wakwe si utani, hilo ni neno la kuvunja uchumba, mkaacha hata kuzikana. Wale wazee wawili wakaanza kutafuta kofia zao. Kutoka jikoni nikasikia birika limeanguka, nikajua Koku amesikia.

Mzee Masanja akanyoosha mkono wakanyamaza. "Si upupu," akasema, na sauti yake ilikuwa tulivu kuliko uso wake. "Ni sabuni hii. Mama Deo, mimi ni katibu wa tawi la chama kule kwetu. Walanguzi wanaingiza vitu vibovu vya magendo kudhuru wananchi, na leo wameniingia usoni. Nitajie jina la huyo ndugu yenu wa Sirari."

Baba Deo alikuwa amepaliwa kwa sababu hiyo. Alijua kazi ya mzee, mshenga alikuwa amemwambia, na mimi aliponiambia nilikuwa nachuja majivu sikusikiliza.

Halafu nikaona macho ya wageni, moja baada ya jingine, yanamgeukia Ta Bernado, mtu pekee mle ndani aliyekuwa na begi la safari, na tena ndiye aliyekataa kunawa.

"Mawe!" akaruka Ta Bernado, naye akimwita mama yake kwa Kihaya. "Mimi nimetoka Bukoba kwa meli, jamani! Hiyo Sirari sijui hata iko upande gani!"

"Kwa nini basi hukunawa, baba?" akauliza Mzee Masanja.

"Kwa sababu namjua huyu mtoto!" akasema Ta Bernado, akaninyooshea kidole. "Nikaona sabuni kwa huyu, bahili huyu, nikasema hapana, kuna jambo!"

Mbele yangu njia zilikuwa mbili, nimpeleke baba yangu mdogo polisi au nijivue nguo mwenyewe. Nikapiga magoti pale kwenye mkeka. "Baba," nikamwambia Mzee Masanja, "hakuna ndugu wa Sirari. Nimeipika mimi. Ni mafuta ya sangara na majivu ya maganda ya ndizi. Majivu yamezidi, na ilikuwa haijakomaa. Nilikuwa nabana pesa, baba. Huyu binti hana kosa, msimwadhibu yeye, hajui lolote, amepiga goti na birika tu." Nikalia. Sikulia kwa ajili ya heshima yangu, heshima ilikuwa imekwisha kwenda, nililia kwa sababu nilimwona Koku amesimama mlangoni amefunika mdomo na khanga, na nilikuwa nimemharibia kwa mikono hii.

"Mafuta ya sangara," akarudia Mzee Masanja, akigusa ndevu zake kama si zake. "Usoni kwangu."

Shangazi Kabula akanitazama mimi, akatazama kisosi, halafu akachukua kile kibuyu walichotuletea. "Kaa chini, kaka," akasema. "Majivu dawa yake ni kitu kichachu." Akammiminia maziwa mgando kiganjani, akampaka uso wote, akajipaka na yeye, wale wazee nao wakapokea zamu zao. Nikaketi pale nawatazama wakwe zangu wanne wamepakaa zawadi yao wenyewe mpaka shingoni, mtindi unadondoka kwenye mkeka, kila mmoja anakwepa macho ya mwenzake. Yule mzee wa tumbo ndiye aliyeanza. Alijitahidi, mabega yakatikisika, akashindwa, akacheka, na Shangazi Kabula akamfuata, akacheka mpaka akaegemea ukuta.

Mzee Masanja peke yake hakucheka. Alisubiri muwasho utulie, akajifuta macho.

"Binti tunamtaka," akasema, na mimi nikapumua mara ya kwanza tangu tonge la kwanza. "Lakini maneno hayajafungwa. Tulisema ng'ombe kumi. Sasa tunasema tisa. Mmoja ni wa uso wangu."

Ta Bernado akafungua mdomo abishe, na nyie hamumjui Ta Bernado kwa ubishi. Mzee Masanja alimwinamishia tu shavu lile jekundu lenye mtindi, akaliacha pale alitazame. Ta Bernado akalitazama, akanigeukia mimi, akanitazama muda mrefu zaidi, akafunga mdomo.

"Tisa," akasema.

Ng'ombe, jamani. Ng'ombe mzima, mwenye pembe na mkia, kwa mche wa sabuni niliokataa kununua!

Wageni walipoondoka nilimkuta Koku anasugua kile kisosi kwa mchanga. Nikamwambia nisamehe, mdogo wangu. Akaendelea kusugua. Kisha akasema, bila hasira, na ndiyo maana iliniingia, "Dada, mimi najua unatubania kwa ajili yetu. Lakini leo ungenifungulia mkono kidogo tu."

Asubuhi yake nilitoa pesa kwenye kopo la akiba ya bati, nikaenda kwa mlanguzi mmoja nyuma ya soko, nikamwomba mche wa sabuni. Akataja bei, akarudi nyuma hatua, akasubiri nipige kelele zangu anazozijua. Nikamhesabia pesa yote mkononi. Yule kijana akazitazama, akanitazama, akaniuliza, "Mama Deo, nyumbani kuna msiba?"

Nikamwambia hapana, kuna harusi.