Nambari Iliyoingia Kila Nyumba Isipokuwa Moja

Mwaka niliomaliza chuo kikuu niliishi kwa shangazi, katika mtaa mmoja wa Eastlands ambako watoto waliitwa kwa nambari za milango yao. "Wa Saba, mamako anakuita." Shangazi alinipa hadi mwisho wa likizo ya Agosti: nipate kazi, au nirudi nyumbani magharibi nikavune mahindi. Kazi iliyokuwepo ni tuisheni ya hesabu. Aliyeamua nani afundishe watoto wetu ni mama mmoja, karani wa baraza la jiji, ambaye majirani hawakununua hata pazia bila kumuuliza. Alisema atakuja kunitazama nikifundisha.

Nilifikiri mno, kama kawaida yangu. Nikitoa nambari ndogo, ataniona mvivu. Nikitoa nambari tasa, watoto watagawanya mchana kutwa bila kupata kitu. Mwishowe nikapata 720,720. Inagawanyika kwa moja, mbili, tatu, bila kuruka hata moja, hadi kumi na sita, na safu yetu ilikuwa na milango kumi na sita. Kila mtoto angegawanya kwa mlango wake, na hakuna ambaye angepata baki.

Nikaiandika kwa chaki ukutani, kando ya mfereji. Wa Saba akapata 102,960. Wa Kumi na Sita akapata 45,045, akaringa kwamba yake inasomeka vilevile kutoka mwisho. Wakaja na wale wa nyuma ya kona, ambao sikuwa nimewahesabu. Wa Kumi na Nane akapata 40,040, nikapumua. Kisha binti wa Kumi na Saba akasema yake imebaki tano. Akarudia. Ikabaki tano.

"Mathe yako amekataa kugawanywa," Wa Saba akamwambia, na ukuta mzima ukacheka.

Mama yake mwenyewe, huyo mathe, alikuwa amekaa pale kwenye stuli. Ndiye karani.

Kichwani nilikuwa nishafunga sanduku. Nikaeleza, huku sauti ikipanda, kwamba kumi na nane ni mbili mara tisa, na zote zimo ndani ya nambari yetu. Lakini kumi na saba ni tasa, haivunjiki, na humo haimo.

"Kama nyumba yangu haimo, mwalimu," mama akasema, "si uitie?"

Binti yake akazidisha kwa kumi na saba: 12,252,240. Wa Saba akalalamika kwamba sasa jibu lake litaharibika. Nikamwambia kilichogawanya ile ya kwanza kitagawanya na hii, ajaribu. Wakainama wote upya. Mama alingoja hadi wa mwisho akapata jibu bila baki, ndipo akainuka na stuli yake.

"Jumatatu saa mbili," akaniambia. "Lakini uhesabu milango kwanza."

Jioni nikazunguka kona, nikahesabu. Ilikuwa kumi na minane. Nikarudi mwanzo, nikahesabu tena.