Bomba la Jorina

Babu hakuwa na dhahabu ya kumpa mama siku anaolewa. Alimpa bomba la maji, la kupampu kwa mkono. Mafundi wakalichimba uani kwetu, wakaandika jina lake kwenye saruji: JORINA. Kijiji kizima, huku Chandpur, kilikuwa bado kinakunywa ya bwawani. Basi mama akawa malkia. Wanawake foleni, mitungi kiunoni, yeye kakaa pembeni anatafuna tambuu na kuamua nani atangulie.

Halafu wakaja wapimaji wa maji na vichupa vyao. Wakasema chini ya ardhi kuna sumu, arseniki, haina rangi wala harufu, na hata ukichemsha haitoki. Bomba lenye sumu linapakwa rangi nyekundu, lililo salama linapakwa kijani. La mama likapakwa nyekundu. La jirani yetu Shefali, lililochimbwa juzi juzi tu, kijani.

Shefali! Aliyekuwa anakuja kwetu na kimtungi kilichovunjika mdomo!

Foleni ikahamia kwake. Tambuu nayo akaanza kutafuna, tena kwa makusudi, uso kauelekeza kwetu. Mimi na mke wangu tulimeza aibu, tukachota huko. Mama aligoma.

"Nikamwombe Shefali maji? Bora ninywe jasho langu."

Miaka miwili akanywa yake. Viganja vikaota vinundu vigumu kama punje za mahindi, kifua kikajaa madoa. Daktari akamwambia dawa ya kwanza ni kuyaacha yale maji. Mama akasema daktari naye katumwa na Shefali.

Siku moja Shefali akamwambia mbele za watu, "Ficha mikono, shoga, unatutishia watoto."

Damu ilinichemka. Nikaenda sokoni kwa mchora riksho, zile baiskeli za kubeba abiria, nikamwomba rangi ya kijani kwenye kopo. Alfajiri nikalipaka bomba letu, nikatangaza kwamba wapimaji wamepita tena na limepona. Mama aliangalia kucha zangu zenye rangi. Akatandika mkeka wake, akakunja tambuu.

Na bahati gani hiyo, siku ileile bomba la Shefali likakauka. Ngozi ya ndani, ile inayovuta maji, ilikuwa imelika, bomba likawa linakohoa hewa tu. Wanawake wakarudi kwetu mbio. Mwisho wa foleni akaja Shefali mwenyewe, kamshika mkono mjukuu wake Tuni, wa miaka minne, mtoto wa mwanawe Liton. Mama alinenepa kwa furaha, nawaambia.

"Karibu, Mama Liton! Leo umekumbuka njia?"

"Shida haina adabu, Mama Badol."

"Subiri zamu yako, basi."

Tuni hakusubiri. Alikinga viganja chini ya bomba, akavipeleka mdomoni. Mama aliruka kama aliyeumwa na nge, akampiga mikono, maji yakamwagika.

"Usinywe!"

Shefali akawaka. "Hata mtoto unamnyima? Roho gani hiyo?"

Mama akamfungulia viganja vyake mbele ya uso. "Angalia. Unataka awe na hivi? Rangi kapaka huyu mpumbavu wangu."

Mitungi ikaanza kumwagwa mmoja mmoja. Nilitamani ardhi inimeze.

"Badol," mama akasema, "leta spana. Toa ngozi ya bomba langu ukamwekee huyu."

"Mama, la kwetu litakufa."

"Nimesema toa!"

Nikatoa. Ilikuwa bado nzima, maana nani mwingine alikuwa analitumia? Mama na foleni nzima wakanifuata kwa Shefali; nikaifunga, nikapampu, maji yakaja. Shefali akajaza bilauri, akampa mama kwa mikono miwili. Hakumkejeli tena.

Mama akanywa yote. Akafuta mdomo na ncha ya sari.

"Yana ladha ya chuma," akasema. "Yangu yalikuwa matamu."

Kisha akasogeza mtungi wake chini ya bomba, mbele ya foleni nzima.