Dawa ya Kuchemsha Saa Nzima

Mama yangu hajawahi kuvuta sigara hata moja. Natanguliza hilo kwa sababu kila anayesikia kwamba mapafu yake yamechakaa huniuliza, na nimechoka kujibu. Alichovuta ni moshi wa kuni, zaidi ya miaka hamsini, kwenye kibanda cha jiko la udongo nyuma ya nyumba yetu Lukozi, ambako baridi ya Julai humfanya hata mwenye akili timamu afunge mlango na kusogelea moto. Hospitali walimpima makohozi, wakasema si kifua kikuu. Wakampa dawa ya kuvuta kwa mdomo, wakamwambia aachane na moshi, na asitegemee mapafu yake yarudi kama zamani.

Nikamnunulia jiko la gesi. Mimi ni fundi cherehani Lushoto mjini, hupanda kwetu kila Jumapili baada ya ibada. Nilimfundisha kuliwasha, akalipenda kwa chai, nami nikatamba kwa majirani kwamba kwetu moshi umekwisha. Lakini pumzi haikurudi. Kutoka kitandani hadi mlangoni alipumzika mara mbili, ameshika ukuta, mabega yakipanda na kushuka. Inauma sana kumtazama mzazi wako akihangaikia hewa, nayo imejaa mlima mzima. Nilikata tamaa, na mfa maji haachi kutapatapa. Mteja mmoja aliponiambia kuna daktari wa Kichina amepanga chumba karibu na stendi, anatibu kwa sindano na mizizi, sikuuliza swali la pili.

Alikuwa mzee mwenye mvi na Kiswahili kidogo sana, ila alianza na "Shikamoo mama," na hapo hapo mama akampenda. Mengine yote yalipitia kwa msichana aliyemtafsiria. Alimshika mama mikono yote miwili, akasikiliza mapigo, akatazama ulimi. Kisha akamchoma sindano nyembamba kama unywele, kwenye vifundo vya mikono, kifuani na mgongoni.

"Hazina dawa ndani," mama akaninong'oneza. "Sasa zinachoma nini?"

Alipobandikwa vikombe vya kioo mgongoni akacheka kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi. "Kumbe ni chuku. Bibi yako alinipiga hii kwa pembe ya ng'ombe."

Mzee alisema, kupitia kwa yule msichana, kwamba mapafu hayo hawezi kuyarudisha. Huenda kuhema kukapungua. Dawa ya hospitali asiiache hata siku moja. Mimi nilisikia neno moja tu, kukapungua. Aliuliza mama anapikia nini. "Gesi," nikajibu, kifua mbele.

Tukapewa vifurushi vya mizizi na magome, vya kuchemshwa kwa moto mdogo, saa nzima, asubuhi na jioni. Njiani nilimrudia mama maagizo kama mtoto wa darasa la kwanza. "Usiiache ikaungua, mame. Saa nzima, uko pale pale."

Jumapili iliyofuata alinionyesha kitambaa chake. Makohozi yalikuwa meusi.

"Uchafu unatoka," akasema.

Nikafurahi, Mungu anisamehe. Jumapili ya tatu yalikuwa meusi zaidi, na Jumapili iliyofuata nikasimama kanisani kutoa shukrani kwa sauti ya kusikika hadi nyuma. Kwamba anahema vibaya kuliko mwanzo niliona, nikajiambia ni dawa inapambana.

Kisha Alhamisi moja nikapeleka gauni la mteja Lukozi, nikapitia nyumbani bila taarifa. Mvua ilikuwa inanyesha. Moshi ulikuwa unatoka chini ya bati la jiko la zamani, mlango umefungwa. Nilipoufungua sikuona kitu, nilimfuata mama kwa kikohozi chake. Alikuwa kwenye kigoda, chungu juu ya mafiga matatu, kuni mbichi za miti ya miwati chini yake, uso ameuinamisha juu ya mvuke, anakoroga polepole.

Kwetu dawa ya mizizi haichemshwi kwenye sufuria ya chai. Inachemshwa kwenye chungu, kwa kuni, na anayeichemsha ni yule atakayeinywa. Haondoki mpaka iive, na ikiguswa na mkono mwingine nguvu yake inapotea. Nimekulia humo, nayajua yote hayo, na sikuyakumbuka nilipokuwa namwambia saa nzima, uko pale pale. Mara mbili kwa siku nilimrudisha mama yangu kwenye moshi.

Nilifoka. Nilisema anajiua. Aliningoja nimalize.

"Nataka kupona, mwanangu. Wewe ndiye uliyesema nisiiache."

Nikahamishia dawa kwenye gesi, nikafunga jiko la udongo kwa kufuli. Makohozi yakawa meupe. Nikamweleza habari ya moshi, akanisikiliza kwa adabu, kama anavyomsikiliza mgeni.

"Moshi nimeuvuta tangu nizaliwe," akasema. "Tangu uhamishe dawa, imelala. Haitoi kitu."

Mzee wa sindano alipopata habari hiyo alifumba macho, akasema maneno ambayo msichana hakuyatafsiri. Sasa hatuendi tena kwake, kwa sababu mama hawezi kufika barabarani. Analala ameegemea mito, akilala chali anabanwa. Dawa ya hospitali anavuta, inamsogeza saa chache.

Jumapili iliyopita akanishika mkono. "Nichemshie kwenye mafiga, mara moja tu. Umetoka tumboni mwangu. Mkono wako ni wangu."

Mimi ni mtu wa kukataa. Nimemkatalia mengi, hata chumvi. Safari hii nilikubali. Nikafunga dirisha lake, nikafungua kufuli, nikawasha kuni, nikakaa kwenye kigoda chake saa nzima bila kuinuka. Nililia, na moshi nikausingizia.

Nilimpelekea kikombe. Alikinusa, akasikia harufu ya kuni, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Hii sasa ndiyo dawa," akasema.

Akanywa yote. Kisha kikohozi kikaanza, akanyoosha mkono kuomba kitambaa, ili aangalie rangi.